Vipimo Ulivyoondoka Navyo

Gu. Gu. Mara mbili, halafu kimya. Buti la kulia kwanza, la kushoto likifuata, yakigongwa kwenye jiwe la mlangoni kukung'uta udongo, kabla jogoo wa jirani hajaamua kuwika. Leo mwaka umetimia, Privatus Ishengoma, tangu mlio huo ukome katika nyumba yako ya Nyanga.

Wengine wakiandika kumbukumbu husema marehemu aliacha pengo lisilozibika. Wewe uliacha pengo kweli, tena la kupimika, katikati ya tuta la waridi, na mkeo Georgina amehangaika mwaka mzima kulizibaziba kwa kila aina ya mche. Halikuzibika. Kwa hiyo utusamehe kama maneno haya yatakuwa na manung'uniko ndani yake. Unamfahamu. Alikupenda huku akinung'unika kwa miaka thelathini na minane, na hajaona sababu ya kubadilika sasa.

Ulikuwa nyapara wa barabara, kati ya Bukoba na Muleba. Watu wengi waliopita barabara ile ndani ya basi hawakujua jina lako, lakini wenye nyumba za chini ya mteremko wanalijua, maana ulikuwa unapindisha mfereji ili maji ya mvua yasiingie jikoni kwa mtu. Mjane mmoja wa njia ya Kemondo alituletea mkungu wa ndizi siku ya mazishi yako, akasema, "Huyu alinichimbia mfereji siku ya Jumapili, akakataa hata maji." Sisi hatukujua habari hiyo. Kumbe zile Jumapili ulizosema unakwenda kutazama daraja.

Na ulikuwa na vijiti vyako. Hukuchimba hata shimo la mgomba bila kuchomeka vijiti kwanza, ukafunga kamba, ukarudi nyuma, ukafumba jicho moja. "Weka kijiti, kaa utazame, ndipo uchimbe," ulikuwa unasema. Jioni uling'oa vyote ukavirudisha nyuma ya mlango, hata kama kazi haijaisha, asije mtu akajikwaa. Tuliona ni ukaidi wa kizee. Kile cha kuving'oa jioni ndicho tulichopaswa kukishika kuliko vyote, na ndicho tulichokisahau.

Wasiojua waelezwe. Kati ya kibanja chetu cha migomba na cha jirani yetu Burhani palikuwa na milamula, ule mmea wa majani marefu ambao kila mtu wa kwetu anaujua. Ukiuona umesimama mstari, umeona mpaka, na asiyetaka ugomvi haugusi. Mwaka 1957 wewe na Burhani mliugusa. Nani alianza, kila mmoja alikuwa na hadithi yake. Mlikaa siku tatu kwenye baraza la gombolola mkishtakiana, mkarudi kila mtu na njia yake, na kwa miaka minne hamkusalimiana. Mkeo na Mwamvita, mke wa Burhani, walikuwa wanaazimana moto kwa kificho nyuma ya migomba, kama wezi.

Ikaja Uhuru. Wiki ile ya Desemba Burhani alisimama upande wake wa milamula, akakohoa, akasema, "Ishengoma, nchi nzima imepatana. Sisi tunangoja nini?"

Nawe ukamjibu, "Mimi nangoja jembe. Langu limevunjika mpini."

Akaenda kuleta lake. Mliing'oa milamula yote siku moja, mkaichoma, na harufu ya moshi ule mkeo anaikumbuka mpaka leo. Shangazi yake Burhani, Bi Mastura wa mjini Bukoba, akatoa vipande vitano vya waridi uani kwake, navyo vikapandwa palepale palipokuwa mpaka. Tuta dogo tu, mkeka mmoja mkubwa ungelifunika. Tangu siku ile Mwamvita alichuma maua ya Maulidi kutokea upande wao, na watoto wetu walichuma ya maandamano ya Ekaristi kutokea upande wetu. Hakuna aliyehesabu nani kachuma mangapi.

Siku tatu kabla ya kutuacha ulimshika mkeo mkono, ukasema, "Georgina, pale kwenye waridi pasiwe mpaka tena."

Akaitika. Akangoja useme mengine. Nini kipandwe kati ya shina na shina? Kwa umbali gani? Kipi kilikuwa kinafukuza wale vidukari, vitunguu au ule mrehani wa Mwamvita? Maana hayo yote ulikuwa unayafanya mwenyewe, na ulikuwa hupendi kuulizwa ukiwa na kamba mkononi. Hukusema neno. Ulifumba macho kama mtu aliyekwisha kabidhi kazi.

Hapo ndipo hasira zake zinapoanzia, na leo ameziandika ili zipungue.

Kwanza lile pengo. Waridi mawili yako upande wa jikoni, matatu upande wa njia, na katikati uliacha uwazi usio na kitu. Aliwahi kukuuliza, mwaka gani hakumbuki, kwa nini hupandi kitu pale. Ulimjibu, "Hapo pameshapandwa." Akatazama, haoni hata jani. Akadhani waridi la sita lilikufa na wewe unaona haya kusema. Basi ulipoondoka akasema hilo ndilo la kwanza kurekebisha. Alipanda mchaichai pale, ukanyauka. Akapanda nyanya, zikatoa majani mawili zikachoka. Udongo wa pale ulikuwa mgumu kama sakafu ya kanisa, jembe linaruka. Alimwagia samadi ndoo tatu. Samadi nayo ikakaa juu, haitaki kuingia.

Halafu akaja Aroni, balozi wetu wa nyumba kumi, na daftari lake. Ulikuwa ule msimu wa kilimo cha kufa na kupona, na kila kaya ilitakiwa kuonyesha chakula kwenye kila kipande. Siku za kawaida Aroni humwita mkeo Ma Georgina. Akishika daftari, anakuwa Ndugu.

"Ndugu Georgina, maua hayaliwi."

"Mbona nyuki wanayala, Ndugu Balozi?"

"Nyuki hawamo humu." Akagonga daftari kwa kalamu.

"Basi waandike. Wanafanya kazi kuliko kamati yako."

Aroni alicheka, lakini kalamu ilibaki imesimama. Kesho yake alirudi bila daftari, na konzi ya mbegu za maharage kutoka nyumbani kwake mwenyewe. "Ma Georgina, panda hizi katikati ya waridi. Nikipita na wakubwa, waone chakula. Mengine nitajibu mimi." Tunaliandika hili kwa sababu ni wema, ingawa maharage yale yalitutesa. Yalipanda juu ya waridi, yakalifunika, hewa haipiti, majani yakaota madoa meusi na kudondoka. Mkeo akayang'oa nusu. Akapanda vitunguu saumu, maana alikumbuka kuviona vitunguu miguuni pa waridi siku zote. Na alikumbuka kukusikia ukihesabu, "Nyayo moja. Nyayo mbili."

Nyayo za nani, Privatus? Zako! Za buti lako la barabarani. Mkeo alipima kwa nyayo zake, peku, na wewe unajua miguu yake ilivyo, ulikuwa unaitania kwamba ni ya kuazima kwa mtoto. Nyayo zake tatu hazifiki mbili zako. Vitunguu vikakaa karibu mno, kila akipalilia anakata mizizi ya waridi. Shina moja likaanza kukauka kuanzia juu. Na mabuti yenyewe hayakuwepo nyumbani. Ulisema apewe Burhani, na siku ya kumaliza matanga tulimpa, akayapokea kwa mikono miwili, akalia mbele ya watu. Kwa hiyo uliondoka na vipimo vyako vyote, na rula ukaitoa zawadi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mkeo akasema, basi, nitafanya kwa njia yake. Vijiti na kamba. Lakini vijiti vyako vya nyuma ya mlango vilishaungua jikoni mvua ilipolowesha kuni. Akashuka bondeni, akakata fito saba zilizonyooka, unene wa kidole gumba, hazina hata jani. Akazichomeka mstari mmoja upande wa Burhani, nje kidogo ya tuta, kuonyesha mahali ambapo vitunguu vingekaa mbali na mizizi. Akafunga kamba. Akarudi nyuma, akafumba jicho moja kama wewe. Alifurahi. Ulikuwa mstari mzuri.

Kabla hajaleta vitunguu, ikaja habari kutoka Muleba kwamba binti yenu Klaudia amekaribia kujifungua na hali yake si nzuri. Mkeo alifunga kanga zake akapanda basi la mchana. Vijiti vikalala nje. Vililala wiki sita, na mvua ikanyesha karibu kila siku ya wiki hizo.

Klaudia alipona. Mtoto ni wa kiume, na jina lake huna haja ya kuuliza.

Mkeo aliporudi, alikuta vijiti vimechipua. Kila kimoja kimetoa kishungi cha majani kichwani. Alicheka peke yake. "Hata vijiti vya mzee huyu vina kiburi," akasema, na kwa kuwa vilikuwa vimeshashika ardhi, akafungia hapo maharage ya Aroni yaliyobaki.

Msomaji wa kwetu ameshashika kichwa. Ndiyo. Ilikuwa milamula. Mlamula hata ukiukata ukautupa njiani utaota. Mkeo amezaliwa kwenye milamula, amekua kwenye milamula, lakini macho yake yaliona vijiti vya vitunguu, kwa sababu alivichomeka mwenyewe kwa ajili ya vitunguu. Hakuwahi kusimama upande wa Burhani akatazama.

Basi Burhani akaanza kumsalimia akiwa barabarani, bila kusimama. "Habari za asubuhi, Ndugu." Ndugu! Yeye ambaye kwa miaka kumi na tatu alikuwa anaingia mpaka jikoni kuuliza kimeiva nini. Mwamvita akaanza kuteka maji kwa njia ya chini. Mkeo akajiuliza amekosa nini. Akazitafuta siku zote nyuma, moja moja, asione kitu. Akakukasirikia wewe. Aliwaza labda uliahidi jambo kwa Burhani ukaondoka nalo, kama ulivyoondoka na vipimo.

Ikafika Maulidi mwezi wa tatu. Miaka yote Mwamvita anakuja jana yake na ungo, wanachuma pamoja, wanasengenya kidogo, anaondoka. Mwaka huu mkeo alifagia, akaweka kigoda, akangoja mpaka jua likageuka. Mwamvita hakuja. Yalikuwepo maua manne tu, mawili yameliwa na wadudu. Akayachuma, akayapanga kwenye sahani, akamtuma mjukuu wenu Kemilembe ayapeleke. Kemilembe akarudi nayo.

"Wamesemaje?"

"Wamesema wanashukuru, Bibi. Wamepata ya mjini."

Mkeo aliketi na sahani ile mapajani. Akaamini kwamba wamedharau maua yake kwa ubaya wake. Akafanya nini? Akaongeza bidii! Akapalilia zaidi, akapima zaidi, akahamisha vitunguu mara mbili, na ile milamula akaisogezea udongo isianguke na maharage yake. Mchana kweupe, mbele ya madirisha ya Burhani. Leo tukifikiria tunaziba uso.

Wiki mbili zilizopita, siku ya mwaka wako ikiwa inakaribia, waridi la tatu likaanza kukauka. Akasema, hapana. Ahadi niliyotoa ni moja tu na inanifia mikononi. Akavaa kitenge kizuri, akazunguka kwa njia ya barabara kama mgeni, akapiga hodi kwa Burhani.

Burhani alikuwa anatengeneza kiti. Mabuti yako yalikuwa pembeni ya mlango, yamepakwa mafuta.

"Karibu, Ndugu Georgina."

"Ta Burhani, sikai. Naomba buti moja la marehemu, nitalirudisha jioni."

"La nini?"

"La kupimia."

Burhani aliweka nyundo chini. Polepole, kama mtu anayeogopa atairusha. "La kupimia," akasema. "Hamjamaliza kupima?"

"Nitamalizaje bila buti? Miguu yangu ni midogo, napata pungufu kila mara."

"Pungufu! Mwamvita, njoo usikie. Anapata pungufu! Kilichochukuliwa hakijatosha, sasa anataka aongeze kwa buti."

Mwamvita alitoka na unga mikononi. "Ma Georgina," akasema kwa uchungu, "hata kiatu cha marehemu kije kutushtaki? Kiatu alichotupa mwenyewe?"

"Kuwashtaki nini? Mimi napima vitunguu!"

"Vitunguu gani?"

"Vitunguu saumu! Vya waridi! Nyinyi mna nini nyumba hii? Mmekataa maua yangu, sawa, ni mabaya, nimeona mwenyewe. Mmeacha kunisalimia. Nimevumilia. Nakuja kuomba kiatu tu nitengeneze, mnanifokea!" Na mkeo, ambaye hakulia mbele ya watu hata siku ya mazishi yako, akalia kwa ajili ya vitunguu.

Burhani alisimama. Akamtazama mkewe, akamtazama mkeo. "Ma Georgina," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo tangu mwezi wa pili, "njoo hapa."

Akampeleka nyuma ya nyumba, upande wao wa tuta. Akamsimamisha pale, akanyoosha kidole.

Milamula saba. Mstari umenyooka kama kipande cha barabara ulichokipima mwenyewe. Majani yamependeza, miguuni imejazwa udongo, na yote ikiwa hatua nzima ndani ya kibanja cha Burhani, waridi lote limebaki upande wetu.

"Yesu wangu," mkeo akasema.

"Nilisema moyoni, mwenyewe amelala kaburini miezi minane tu," Burhani akasema, "na wameshasubiri vya kutosha. Nikasema, sitakwenda barazani tena. Nimezeeka. Wachukue."

"Ni vijiti."

"Ni milamula, Ma Georgina."

"Naiona ni milamula! Vilikuwa vijiti! Nilikwenda Muleba, vikachipua. Nikafungia maharage!"

Mwamvita ndiye aliyeanza kucheka. Aliegemea mgomba, akafunika mdomo kwa mkono wenye unga, mashavu yakawa meupe. "Kafungia maharage," akasema. "Mpaka wa maharage! Baba Mustapha, miezi mitatu hulali, kumbe unapigana na maharage." Mkeo naye akaanza kucheka huku bado analia, na Burhani akabaki katikati yao, hajui acheke au aone haya. Mwishowe aliinama akang'oa mlamula wa kwanza. Mkeo akang'oa wa pili. Yote saba ikachomwa jikoni kwa Mwamvita, mpaka ikawa majivu, maana hatutaki kusikia imeota mahali pengine.

Kisha Burhani akavaa mabuti. Yanampwaya, hujaza vitambaa vidoleni. Akasimama kwenye shina la kwanza, kisigino kwa kidole, mikono ameitandaza kama anapita kwenye gogo la mtoni.

"Nyayo moja na nusu, vitunguu. Si mbili, hizo mbili ni za mrehani, unakaa pembeni kabisa. Kitunguu na kitunguu, shubiri. Maharage usiyalete kabisa, ndivyo alivyokuwa anasema, maharage hayana adabu."

"Na katikati?" mkeo akauliza. "Pale mahali pa waridi la sita. Pamenitoa roho, Ta Burhani. Samadi ndoo tatu. Hapaoti kitu."

Burhani aliacha kupima. "Waridi gani la sita?"

"Aliniambia pameshapandwa."

"Ni kweli. Ndipo tunapopita."

Mkeo akautazama ule udongo mgumu.

"Kila alfajiri," Burhani akasema. "Mimi nimetoka kuswali, yeye ameshaamka. Siku moja mimi napita kwenu, siku moja yeye anapita kwetu, tunakaa kidogo, tunatafuna punje za kahawa, tunaachana. Miaka kumi na tatu, Ma Georgina. Utaoteshaje kitu mahali watu wawili wamekanyaga miaka kumi na tatu?"

Kwa hiyo ndiko zilikokuwa zinakwenda kahawa zetu za kutafuna. Privatus, mkeo aliua panya wasio na hatia. Aliwatega mwaka hadi mwaka kwa ajili ya kile kikapu cha kahawa kilichokuwa kinapungua, na wewe ukimtazama tu, siku nyingine ukimshikia mtego. Na ule mlio wa mabuti kwenye jiwe, aliousikia kila siku akiwa anawasha moto, alidhani unatoka kumwangalia ng'ombe.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alisema unajua. Alisema, Georgina anatusikia."

Alisikia. Hakujua anasikia nini. Hilo limemuuma kuliko vitunguu vyote, na hatutajifanya limekwisha. Mwaka mzima alikuwa anaitimiza ahadi aliyokupa kwa bidii, na kila mche aliouchomeka pale katikati ulikuwa unafunga mlango. Ungesema neno moja tu. Njia. Ni neno fupi, hata mgonjwa analiweza.

Basi, upate habari ya tuta lako. Vitunguu vimehamishwa, nyayo moja na nusu za buti, shubiri kwa shubiri, na Aroni ameviandika kwenye daftari kama chakula. Mrehani wa Mwamvita uko kwenye pembe zote mbili, na vidukari wamepungua. Maharage yako nyuma ya choo, yanajifunza adabu. Katikati samadi imefagiliwa na udongo unakanyagwa tena. Waridi moja halitapona, tusikudanganye. Manne yana machipukizi. Jumapili ijayo ni maandamano ya Ekaristi, na watoto watapata maua kidogo, hayajai ungo.

Mabuti tulitaka yarudi nyumbani, Burhani akakataa. Alisema kipimo kikikaa kwa mtu mmoja kitapotea.

Unakumbukwa na mkeo Georgina. Wanao Klaudia na mumewe Mujuni wa Muleba, na Yoeli aliye kazini Mwanza. Dada yako Verdiana. Wajukuu Kemilembe, Immakulata na Privatus mdogo, ambaye ana miguu mikubwa. Na jirani zako Burhani, Mwamvita na watoto wao, walioomba waandikwe hapa pamoja na ndugu, nasi hatukuona mahali pa kuweka mstari. Hatutaacha kukukumbuka, hata siku tunazokukasirikia, na hizo bado zipo.

Leo alfajiri mkeo alikuwa jikoni, moto haujashika. Gu. Gu. Mara mbili, kwenye jiwe. Alishika kifuniko cha chungu akakaa nacho hivyo hivyo mkononi. Kisha akafungua mlango, na hapo palikuwa na Burhani, ndani ya mabuti yako, umande wa waridi magotini. Mkeo alimwekea kikapu cha kahawa, naye akatafuna mbili, akakuombea kwa njia yake, mkeo akakuombea kwa yake. Kulipoanza kupambazuka akainuka.

"Njooni tena kesho," mkeo akamwambia.

Burhani akasimama kizingitini. "Mwamvita haamki saa hizi, Ma Georgina. Unamjua."

"Sikumtaja Mwamvita," mkeo akasema. Akayatazama mabuti. "Njooni tena."